Friji ya lori ndani ya boti ya tanga: yaliyotukuta mimi na baba kwenye ziwa Nzilo

Wakuu, salaam kwenu, wa bara, wa visiwani na ndugu zangu wa huku Kongo.

Huu uzi nimeuanza na kuuacha mara nyingi. Leo nipo gereji, lori la mteja linasubiri spea, na sina nguvu ya kufanya kingine. Nitaeleza kama yalivyotokea. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Mimi ni fundi umeme wa magari makubwa hapa Kolwezi. Ukoo wetu asili yake ni Kasongo. Utotoni nilikaa Kigoma kwa mjomba miaka kadhaa, ndiyo maana Kiswahili changu kinachanganyika. Mkiona "batri" na "frigo", nivumilieni.

Sasa tuanze na mzee.

Baba yangu anaitwa Ramazani. Alikuja huku kijana, akaendesha mashine mgodini mpaka akastaafu. Baada ya hapo akapata kazi ya ulinzi ziwani Nzilo, lile ziwa la bwawa la umeme kaskazini ya Kolwezi. Alikuwa analinda boti ndogo ya tanga ya mhandisi mmoja mgeni, ambaye Jumapili alikuwa anakwenda kuzunguka majini kupumzisha kichwa.

Mzee akajifunza tanga kwa kumwangalia tu. Baadaye wakawa wanatoka pamoja. Mhandisi alipoondoka nchini moja kwa moja, akamwachia boti.

Sio boti kubwa, wakuu. Ina kijumba kidogo cha kuingia umeinama, vitanda viwili vyembamba, na pa kuweka jiko. Tanga lenyewe limeshonwa kwa turubai la lori.

Kisha mtaa wetu ukavunjwa. Mashimo ya mgodi yalikaribia, nyumba zikapasuka kuta, tukahamishwa. Kampuni sitaitaja, na sio mada ya leo. Tulipewa kiwanja mbali, udongo mwekundu mtupu. Mama alikuwa ameshafariki. Baba akaja kuangalia nyumba mpya, akazunguka mara moja, akasema, "Ni muzuri." Wiki hiyo hiyo akabeba godoro lake akahamia kwenye boti.

Tulidhani ni hasira, itapita. Haikupita.

Shida ni kwamba mzee ana kisukari. Anachoma insulini kila siku. Hospitali walituambia dawa ikae kwenye baridi, basi. Hatukuuliza zaidi.

Na hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia. Ziwa lile linatoa umeme, lakini ukikaa kando yake huna hata taa moja. Nguzo zinapita juu ya vichwa vya wavuvi kwenda migodini.

Nikasema, mimi si fundi umeme? Hii ni kazi ndogo.

Mjinga mimi.

Jaribio la kwanza nilichukua kafriji ka kawaida ka nyumbani, ka mlango wa mbele, nikafunga inveta na batri moja ya lori. Asubuhi kaliwaka vizuri. Kabla ya adhuhuri batri imelala. Halafu kila ukifungua mlango, baridi yote inamwagika chini kama maji, mashine inaanza upya. Na boti ikiinama kwa upepo, mlango unafunguka wenyewe. Siku moja mzee alikuta nyanya zote zimeingia chini ya sakafu.

Akanipigia simu. "Salumu, hii frigo yako inakunywa batri sawa mulevi. Kuya uichukue."

Nikaichukua. Ndipo nikakumbuka yale mafriji madogo ya ndani ya kabini za malori ya masafa marefu. Yanatumia umeme wa batri moja kwa moja, hayahitaji inveta, na mfuniko wake uko juu, kwa hiyo baridi inabaki chini hata ukifungua. Kule Fungurume kulikuwa na lori lililogonga, limeegeshwa kwa ajili ya kuuzwa vipande. Nikaelewana na mwenye nalo, nikatoka na friji nimeifunga nyuma ya pikipiki, vumbi la barabara limenijaa mpaka masikioni.

Kwa wale mafundi, nieleze matatizo niliyokutana nayo, maana humu kuna mtu anaweza kuwa na boti au hata kibanda kisicho na umeme.

Waya kwanza. Nilitumia waya mwembamba kutoka paneli ya sola na batri mpaka kwenye friji. Mashine ikitaka kuwaka inavuta umeme mwingi kwa ghafla, voltiji inaanguka njiani, friji inajikata. Inajaribu, inakata. Inajaribu, inakata. Nikabadilisha nikaweka waya mnene wa stata ya lori na nikahamisha batri karibu yake. Ikatulia.

Halafu kivuli. Paneli ya sola niliiweka juu ya kijumba. Kumbe kivuli cha mlingoti, hata kikiwa chembamba kama mkono, kikipita juu ya paneli chaji inaporomoka. Na boti kwenye nanga haitulii, inageuka na upepo, kivuli nacho kinazunguka. Mzee akawa anashinda anaisogeza paneli kama mtu anayeanika mihogo.

Joto pia. Friji niliificha chini ya kitanda, nikafunga vizuri, nikajisifu. Mashine ikakosa pa kupumulia, ikachemka. Ikabidi nitoboe mbao za boti. Nilipokuwa natoboa, mzee alitoka akakaa mbele akaniachia mgongo.

Na masika ndiyo usiseme. Mawingu siku nzima, batri hazijai, mimi natoka gereji jioni nabeba batri niliyochaji mjini, naipeleka ziwani kwa pikipiki, narudi na ile iliyokufa. Barabara ni tope na malori ya madini. Uzito wa batri ya lori mnaujua. Mgongo wangu bado unaukumbuka.

Mke wangu, mama Zaina, alivumilia sana. Siku moja nimerudi nimelowa, nimekaa mlangoni nashindwa hata kuvua viatu, akanitazama.

"Salumu, weye uko na bibi mbili. Mi na ile frigo. Na mi njo wa pili."

(Huku kwetu "bibi" ni mke, na "njo" ni ndiyo.) Alikuwa anasema kweli, na mtoto wetu alikuwa ameshazoea kula bila mimi.

Mara nyingi nilimwambia mzee arudi mjini. Alikuwa ananijibu kwa kunionyesha kitu kingine. "Ona pale, ule ndege." Hapo mazungumzo yamekwisha.

(Nyongeza: kuna mkuu ameuliza hapo chini kwa nini sikutafuta barafu. Mkuu, barafu inatoka mjini, na mjini kwenyewe umeme unakatika kila mara. Ikifika ziwani imeshakuwa maji. Tulijaribu.)

Tuendelee.

Mvua zilipokwisha, mambo yakanyooka. Nilipata batri mbili nzuri, nikavisha friji pande zote ule mpira mweupe mwepesi unaokuja na maboksi ya televisheni, nikapanga nyaya upya. Jua la kiangazi huku kwetu halina wingu hata moja. Batri zinajaa mapema, friji inakwenda.

Ilikuwa furaha, siwadanganyi. Mzee akaanza kuwapa wavuvi maji ya baridi. Jirani yake pale majini, Tata Kapenda (tata ni baba, kwa heshima), mvuvi ambaye kambi yake iko ukingoni, alikuwa anapita na mtumbwi wake kila siku anapiga ubavu wa boti kwa kasia. "Tata Ramazani, unipe maji ya bazungu!" Wanacheka.

Na mimi kwa mara ya kwanza nikapata usingizi wa kutosha.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye sababu ya kuandika uzi.

Kiangazi cha huku ni baridi. Wanaodhani Kongo yote ni joto, waje Kolwezi mwezi wa sita waone watu na makoti. Maji ya ziwa yenyewe yanakuwa ya kuuma.

Niliitwa Kasaji, mji wa reli magharibi ya hapa. Kulikuwa na lori limekufa njiani na mzigo, na tajiri hataki kulivuta. Nikaenda. Kazi ikawa ndefu kuliko nilivyofikiri, spea hazipo, nalala kwenye kabini.

Siku moja mzee akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha.

"Salumu! Frigo sasa iko na nguvu. Haikate ata kidogo. Maji imekuwa jiwe!"

Wakuu, nilifurahi. Nilimwambia dereva wa lile lori, "Unaona? Nilitengeneza friji ya baba, inatoa barafu." Nikajiona fundi.

Friji kuwa na baridi, nani atalalamika?

Siku zilizofuata sauti ya mzee kwenye simu ikabadilika. Akawa anaongea taratibu, kama mtu mwenye mdomo mkavu. Nikimuuliza anasema amechoka kidogo. Nikimuuliza kama amechoma dawa, anasema amechoma, na ni kweli alikuwa anachoma. Mzee wangu kwenye dawa ni kama kwenye swala, hakosi.

Kisha asubuhi moja nikapigiwa na Tata Kapenda. Alikuwa hajawahi kunipigia.

"Salumu, baba yako haiko muzuri. Anakunywa maji sawa ng'ombe, kisha anatapika. Nilimukuta analala chini, haniitike muzuri."

Nilisimama katikati ya barabara na spana mkononi. Kutoka Kasaji mpaka kwa mzee ni mbali, na barabara mnaijua. Hata kama ningepata gari dakika ile, nisingefika kwa wakati.

Nikampigia mama Zaina. Nikaanza kueleza, baba hivi, Kapenda amesema vile, sijui nifanye nini.

Akanikata. "Usiseme mingi. Niko navaa viatu."

Akakata simu.

Yaliyofuata nimeyapata kwake na kwa Tata Kapenda, sikuyaona kwa macho yangu. Siku ile ziwa lilikuwa limelala, hakuna upepo hata wa kutikisa jani, kwa hiyo tanga halina kazi. Tata Kapenda alimlaza mzee ndani ya mtumbwi wake wa mbao, juu ya nyavu, akapiga kasia mpaka gatini. Mke wa Kapenda alikaa nyuma amemshika mzee kichwa.

Mama Zaina aliwakuta pale na pikipiki. Wakamweka mzee katikati, dereva mbele, mke wangu nyuma amemkumbatia, kamfunga na kitenge ili asianguke. Ndivyo walivyokwenda mpaka hospitali ya mjini, kwenye vumbi lile, malori yanawapita. Anasema njia nzima alikuwa anamsemesha, na mzee alikuwa anamjibu kwa jina la mama yangu.

Nilipofika, nimepanda malori mawili tofauti, mzee alikuwa amelazwa, ana dripu, macho yamezama. Sukari ilikuwa imepanda vibaya sana. Sikumbuki namba na hata ningekumbuka nisingeandika, inaniumiza.

Muuguzi wa zamu alikuwa mama mmoja mnene mpole, mama Ngoie. Mke wa Kapenda alikuwa ameweka chupa za insulini kwenye mfuko alipokuwa anafunga vitu vya mzee, na mama Zaina aliufikisha. Mama Ngoie akachukua chupa moja, akaizungusha taratibu kati ya viganja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Kuya, uone."

Nikaona. Ile dawa ukiizungusha inatakiwa iwe nyeupe sawasawa. Hii ilikuwa na vipande vidogo vimeshika kwenye kioo, kama maziwa yaliyokatika.

"Hii dawa iligandaka," akasema. "Iligandaka, kisha ikayeyuka. Ilishakufa. Baba yenu alikuwa anajichoma bure."

"Lakini mama, frigo ilikuwa inatumika muzuri."

"Ilitumika kupita kiasi. Joto linaua dawa, na baridi nayo inaua."

Kumbe mzee alikuwa anaishika chupa kiganjani mpaka iyeyuke, ndipo anachoma. Mzee macho yake hayaoni vizuri vitu vya karibu, asingeweza kuona vile vipande.

Baadaye nilikwenda kwenye boti nikafungua friji. Kile kijiwaya kinachopima baridi, kinachoiambia mashine "sasa inatosha, zima", kilikuwa kimechomoka kwenye ukuta wa ndani. Mawimbi madogo ya kila siku yalikuwa yamekitikisa mpaka gundi ikaachia. Kilikuwa kinaning'inia nje, kwenye joto la mashine. Kwa hiyo friji ilikuwa inaamini bado kuna joto, inakwenda bila kusimama. Na kwa jua lile, na zile batri nzuri, na ule mpira mweupe, kulikuwa hakuna cha kuisimamisha.

Masika nzima nilipigania baridi. Ilipokuja, ilikuja yote.

Nilikaa kwenye kile kitanda chembamba muda mrefu. Sikulia. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu ule ambao mtu hata akikwambia pole unaona anakuongezea mzigo.

Alhamdulillahi, mzee alipona. Tulimleta nyumbani kwetu. Nikamwambia mbele ya mama Zaina:

"Baba, utabaki hapa. Mi nilishachoka."

Akakubali kwa kichwa. Akakaa.

Alikaa kwenye kiti mlangoni, anaangalia barabara na malori. Hakulalamika. Chakula anakula kidogo. Akawa haulizi kitu, hata habari za mtoto wetu ambaye alikuwa anampenda kuliko sisi wote. Umeme ukikatika anasema, "Mumeona? Huku nako." Hilo tu.

Nikamuuliza siku moja, safari hii kwa upole, tuko wawili. "Baba, ile boti iko na nini?"

Akanijibu, na hakunionyesha ndege.

"Nilijenga nyumba na mikono yangu. Balikuya, bakaivunja, nikasimama pale naangalia. Nyumba hauwezi kuibeba. Ile boti, bakikuya, nitatoa nanga, nitaenda. Njo ile tu, mwana yangu. Sikatae bantu. Nakataa kuvunjiwa tena."

Nilikuwa nimemwita mkaidi miaka yote hiyo, na sikuwahi kumuuliza hivyo.

Nilimweleza mama Zaina usiku huo. Nilitegemea atakasirika. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja, kisha akasema, "Umurudishe. Lakini na masharti yangu."

Masharti yake ndiyo haya. Boti isikae mbali, itie nanga karibu na kambi ya Kapenda. Mke wa Kapenda apite kila asubuhi amwone mzee kwa macho. Mzee apewe kile kimashine cha kupimia sukari na akitumie. Na friji itoke.

Ndiyo, friji itoke. Maana tulirudi kwa mama Ngoie tukauliza yale ambayo hatukuuliza mwanzo. Alituambia chupa iliyofunguliwa, kwa hali ya hewa ya huku kwetu, inaweza kukaa wiki kadhaa nje ya friji mradi iko kivulini na haipati joto. Akiba ndiyo inayotaka friji, na akiba ile sasa wanatutunzia wao hospitalini. Mzee anakaa na chupa moja, ndani ya chungu cha udongo kilichofunikwa kitambaa chenye unyevu. Ikikaribia kwisha napeleka nyingine. (Msichukue maneno yangu kama ya daktari. Dawa zinatofautiana na joto la kwenu ni tofauti. Muulize muuguzi wako.)

Tulimrudisha siku ya Jumapili. Upepo ulikuwepo kidogo. Nikafungua nyaya moja moja, nikatoa batri, nikatoa friji. Nimeshaipeleka kwa mama mmoja anayeuza soda kwenye maegesho ya malori, anaifurahia.

Mzee alikuwa ananiangalia natoa vitu. Nilipomaliza nikakaa pale palipobaki wazi, nikaegemea. Nikaanza kumwambia kwamba nitakuja siku fulani, kwamba simu iwe na chaji, kwamba asisahau kupima.

"Salumu," akasema. "Lala kwanza."

"Baba, nina kazi ya..."

"Lala."

Akanitupia blanketi lake. Nikalala kweli, wakuu, kama mtoto, mchana ule. Nilipoamka boti ilikuwa inatembea. Mzee alikuwa ametoa nanga peke yake, ameshika usukani, tanga la turubai limejaa, na kwenye jiko kuna sufuria ya samaki imefunikwa. Hakuwa anakwenda popote. Alikuwa anazunguka tu, taratibu, ili nisiamke.

Basi hiyo ndiyo habari yangu. Nilichojifunza ni cha kawaida sana. Kwenye friji ya dawa weka kipimajoto ndani, usitegemee kelele za mashine. Dawa ikiganda hata mara moja, itupe, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzuri. Uliza hospitali maswali mpaka wakuchoke. Na mzazi akikataa kuhama, muulize kwa nini, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Bado nachoka. Njia ya ziwani haijawa fupi. Lakini sibebi tena batri.

Wenye wazazi wanaoishi mahali msipopataka, semeni mnafanyaje. Na mafundi, kama kuna njia bora ya kushikisha kile kijiwaya kisichomoke, iandikeni hapa, mwingine itamsaidia. Nitasoma zote, lori hili haliondoki leo.